Mteremko wa Maji

Baba alikuwa na funguo kumi na tisa kiunoni.
Tulimsikia kabla hatujamwona.
Kila alfajiri aliutembea mgongo wa mfereji
kutoka Cisternino kwenda kusini,
akiinamisha sikio penye kila kifuniko cha chuma
kama daktari juu ya kifua cha mgonjwa asiyekohoa.
"Njia hii ni ya maji," alituambia, mimi na Vitantonio.
"Watu wana yao."
Tukawa tunapanda ukuta wa mawe,
tunaitazama ile changarawe nyeupe
jinsi mtoto asiye na senti anavyotazama sukari ya dukani.

Leo lango lina pengo.
Mtu amelipima kwa upana wa usukani:
gari halipiti, hata lile dogo la padri.
Nina miaka sitini na nne, goti moja la kununua.
Naingia.

Tairi linatafuna kokoto, krr, krr,
na zaidi ya hapo ni nyenje tu.
Ng'ambo ya bonde malori ya Brindisi yanapita
madogo kama siafu, yamenyamazishwa na umbali,
yamebeba nyanya za wengine na haraka za wengine.
Huku Cataldo yuko juu ya ngazi, anapogoa mlozi,
hainui kichwa,
anainua msumeno: ndiyo salamu.
Paa za mawe zimechongoka kama pia za watoto
zilizopinduliwa zikasahauliwa.
Kuna mbwa mweupe, kila siku yuleyule,
hunifukuza hatua thelathini,
kisha hukumbuka kwamba halipwi.

Baada ya daraja la tatu, pancha.
Nikapindua baiskeli chini ya mtini, nikapekua mkoba:
pampu, viraka, kipande cha mkate,
na ufunguo mmoja wa baba. Siku hizi haufungui kitu.
Ila kwa kubandua tairi, hakuna chuma kinachoushinda.

Hapo wakasimama vijana wawili wa Kiholanzi,
wekundu kama pilipili za kukausha, chupa tupu mkononi.
Kwa Kiitaliano cha kuokoteza wakauliza:
mama, maji yako wapi?
"Mmeyakanyaga," nikasema.
Hawakuelewa. Nikawaonyesha kifuniko.
Mrefu akapiga magoti, akalaza sikio juu ya chuma cha moto,
akaliondoa upesi, akalirudisha.
Sijui alisikia nini. Sura yake ikawa ya mtu
anayeambiwa siri ya nyumba ngeni.
Mwenzake akasema yeye hasikii kitu.
Nikawamiminia maji yangu nusu kwa nusu,
wakaondoka, mmoja akipiga gumzo, mmoja kimya.

Ukizidi kusini utaiona mizeituni iliyokufa wima,
mamia kwa mamia, rangi ya majivu.
Ya Vitantonio ilikuwa mia mbili na sita.
Ameniuzia mimi kuni zake, kwa bei ya ndugu,
na hapiti tena njia hii. Simlaumu.
Mimi hupita, nikiitaja kwa majina tuliyoipa utotoni:
Kibibi, Mgongo wa Askofu, Mvivu.
Mvivu ametoa chipukizi moja shinani.
Sijamwambia bado. Nangoja majani yafike kumi.

Kwenda, mtu hujisifu bure.
Pedali nyepesi, upepo wa mdomo,
unadhani miguu imerudi ujana.
Baba alicheka watu wa namna hiyo:
waliojenga, alisema, waliilaza njia kidogo mno,
kiasi cha maji kujua pa kwenda
na mtu asijue kwamba anashushwa.

Kurudi, jua likiwa usoni,
barabara ni ileile, imenyooka kama uzi.
Jicho linaapa hakuna kilima.
Paja linakijua.